Bomba Alilolifunga Mama

Mama hakujua kwamba alikuwa anaungua. Tulikuwa tunatoka Ipyana na mzigo wa ndizi, baba akiendesha, mimi nyuma juu ya mikungu, na mama mbele pembeni ya baba, mahali pake siku zote. Gari letu ni Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo ambacho injini yake iko chini ya viti vya mbele. Joto la ekzosi, bomba la kutolea moshi, hupanda mpaka kwenye bati ambalo abiria huliegemezea miguu. Tulipofika nyumbani Mbugani, mama aliketi barazani akavua soksi, na ngozi ya shavu la mguu ikafuatana na soksi.

Alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, na miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Alikitazama kidonda kama anatazama mguu wa mgonjwa wake, maana alikuwa nesi wa zahanati mpaka alipostaafu. Mtaa mzima walimwita Nesi, na baba naye alimwita hivyo hivyo. Alinituma maji na chachi, akajisafisha mwenyewe. Baba alikwenda akasimama kwenye michikichi nyuma ya nyumba, akabaki huko mpaka chakula kikapoa.

Kidonda kilichukua miezi kupona. Kilipopona, baba akasema hatampakia tena.

"Nitakuwa nakwenda mwenyewe Ikolo kumwona dada yako," alisema. "Salamu zako nitafikisha."

"Salamu hazina miguu," mama akajibu, lakini hakubishana.

Basi Jumapili baada ya ibada baba alikuwa anaondoka peke yake. Mama alisimama uani akisikiliza. Kyela ni tambarare, na sauti ya gari huenda mbali juu ya mashamba ya mpunga. Huisikia ikipungua, ikipungua, mpaka hujui tena kama unaisikia au unaikumbuka. Nadhani mama alikuwa anasafiri na sauti ile. Alisimama amefumba macho, na harufu ya kakao iliyovundikwa kwa jirani ikitujia, tamu na chachu kwa pamoja, na mimi niliogopa hata kuburuta kigoda.

Mimi ni fundi magari. Nilisomea chuo cha ufundi Mbeya, na nina sehemu yangu kwenye gereji hapa mjini. Niliona aibu kwamba nimetengeneza magari ya watu wote, na la kwetu limemuunguza mama.

Jumapili moja, gari lilipokwisha kupotea masikioni, aliniuliza, "Joto lile linatoka wapi hasa?"

Nikamweleza kwamba moshi unapotoka kwenye injini bado ni moto, na hupita kwanza kwenye mabomba tunayoyaita manifoldi. Nikamwambia kuna utepe wa nyuzi za kioo ambao mafundi huyazungushia mabomba hayo, ili joto libaki ndani na kutoka na moshi kule nyuma.

Akafikiri kidogo. "Yaani bandeji."

"Ndiyo, Mama. Bandeji."

Nikaagiza utepe Mbeya. Ulipofika nilifungua manifoldi asubuhi, baba akiwa shambani, nikaisugua kutu na kuilaza juu ya mkeka barazani. Mama alileta beseni la maji, tukauloweka utepe ili ukaze vizuri utakapokauka. Nyuzi zile huwasha ngozi vibaya, kwa hiyo akavaa glavu alizobaki nazo tangu zahanati. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha, ile isiyo na sauti, na milima ng'ambo ya mashamba ilikuwa imefutika kabisa.

Nilianza kufunga kutoka upande wa injini. Baada ya mizunguko mitatu akanishika mkono.

"Mguu huufungi kutoka kwenye paja," alisema. "Unaanzia mbali, unarudi mwilini. Na kila mzunguko ulale juu ya nusu ya mwenzake."

Akalipakata bomba lile, akafungua nilichofunga, akaanza upya. Sijawahi kuona kazi laini kama ile. Vidole vyake vilikaza bila kuvuta, vikapita kwenye pinda bila kuacha mkunjo. Mara moja nilimsikia akisema "pole" kwa sauti ya chini, na sikuuliza anamwambia nani. Kazi yangu ikabaki kubana vibano vya chuma mwishoni.

Baba alirudi akatukuta hivyo. Alimtazama mkewe, akalitazama bomba lililofungwa jeupe juu ya kanga.

"Amevunjika wapi?" akauliza.

"Hajavunjika. Ni homa tu," mama akasema. Baba akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya soksi.

Nikairudisha manifoldi garini, na Jumapili iliyofuata tuliondoka wote watatu. Sikuwa nimemwonya baba kwamba utepe mpya hutoa moshi siku ya kwanza. Kabla ya kufika Ikolo moshi mweupe ukaanza kupanda pembeni ya kiti, baba akasimamisha gari na kumtoa mama kwa mikono miwili. Nilimweleza kwamba ni maji na uchafu wa kiwandani vinaungua, tusubiri. Tukasubiri katikati ya mpunga wa kijani. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapalilia akainuka, akatuamkia, "Mugonile," akasimama nasi kidogo kuutazama moshi ukipungua.

"Weka mkono wako pale," mama akamwambia baba. "Miguu yangu huwa inanidanganya."

Baba akaweka kiganja kwenye bati, akakiacha muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Pana uvuguvugu," akasema. Akamfungulia mlango. Mama akapanda, akamshukuru, "Ndaga fijo," kwa heshima, kama mgeni aliyekaribishwa.

Kwa dada yake, wawili hao walikaa wameshikana mikono mpaka jioni, wakizungumza Kinyakyusa cha utotoni ambacho mimi nilikifuata nusunusu. Kisha tukapita ziwani. Mbali juu ya maji makundi ya wadudu wadogo wa ziwani yalikuwa yamesimama kama nguzo za moshi, yakielea polepole kuelekea milimani.

Utepe ule ulidumu misimu miwili ya mvua. Maji ya barabarani yaliingia ndani yake, chuma kikaoza kwa chini na kupasuka, na ilinibidi nitafute manifoldi nyingine. Macho ya mama yalikuwa yamepungua nguvu wakati huo. Nilifunga mimi, yeye ameketi kando yangu akipitisha vidole juu ya kila mzunguko, na mahali palipolegea alinigonga mkono, nikafungua, nikarudia.