Kitambaa cha Ghaisha

Akhmudan aliporudi na msafara wa chumvi kutoka Bilma, alichokiona kwanza si mkewe, bali tandiko la ngamia la mtu mwingine, limeegemezwa mlangoni mwa hema. Lilikuwa la Ilatan, binamu wa mkewe. Mwenyewe alikuwa ndani, kajinyoosha mkekani, akimsikiliza Ghaisha akipiga zeze.

"Shemeji, umerudi?" alisema Ilatan. "Karibu, usiogope. Chai kali tumeshaimaliza, imebaki ile ya watoto."

Ghaisha akacheka, na kicheko kile kikamchoma Akhmudan kuliko jua la njia nzima.

Aseme nini? Kwetu binamu ana haki yake ya utani, na mwanamke hupokea wageni apendavyo, maana hema ni lake, kashonewa na mama yake siku ya harusi. Mume mwenye wivu huchekwa hata na wachunga mbuzi. Akizidisha, mkewe hukunja hema lake akaenda nalo, yeye akabaki na tandiko juani. Tena Akhmudan huyu huyu, kabla hajaoa, alikuwa hakosekani kwenye mahema ya wake za watu, akisifia zeze mpaka birika likauke. Mkuki kwa nguruwe! Basi alijikaza kisabuni, akapandisha kilemba kufunika mdomo kama inavyompasa mwanamume, hasa mbele ya wakwe, akanywa chai ya watoto.

Lakini wivu haukumwacha. Ghaisha akisuka nywele, alijiuliza anamsukia nani. Siku moja alishindwa, akamuuliza kwa nini nyimbo zake zinamsifu ngamia mweupe, na yeye wake ni wa kahawia. Ghaisha akamjibu kwamba kahawia haikai vizuri kwenye wimbo. Ngamia wa Ilatan alikuwa mweupe.

Ikaja ngoma ya harusi. Wanawake waliketi kuizunguka ngoma, mama mkwe wa Akhmudan katikati yao, na wanaume wakawazunguka juu ya ngamia. Ilatan akainama, akanyakua kitambaa begani mwa Ghaisha, akatimua mbio. Ndio mchezo wenyewe: wengine humfukuza, anayemkamata hurudisha kitambaa kwa maneno matamu, watu wakacheka, yakaisha.

Akhmudan hakuwa akicheza. Alimfukuza mpaka ng'ambo ya korongo, akampokonya kitambaa, akamchapa yule ngamia mweupe fimbo ya uso. Kisha akarudi mbio mpaka mbele ya wanawake, akapaza sauti:

"Atakayegusa tena kitu cha mke wangu, nitamkata mkono!"

Ngoma ikanyamaza. Wanawake walikuwa wakimtazama Akhmudan mdomoni, naye akahisi upepo kwenye meno yake. Kilemba kilikuwa kimefunguka katika zile mbio, kikaning'inia shingoni. Mama mkwe alijifunika uso kwa shuka, akageukia upande mwingine. Akhmudan alitamani ardhi ipasuke aingie.

Asubuhi alimkuta Ghaisha akifunga ngozi za hema juu ya punda. Tandiko la Akhmudan lilikuwa peke yake mchangani. Aliomba msamaha, akasema ni mapenzi tu yaliyompanda kichwani, kisha akanyoosha mkono kumrudishia kitambaa.

Ghaisha alikaza kamba ya mwisho.

"Kaa nacho," alisema. "Si ulikipigania?"