Fundi yuko Tabata, gari liko Sydney, mtoto anazaliwa Brisbane

Wakuu, habari za mihangaiko.

Huwa nasoma nyuzi za wenzangu humu na kupita kimyakimya. Leo nimeshindwa kupita, maana wiki hii jamaa mmoja kaniuliza inbox kama atoe DPF kwenye gari lake la diesel, nikajikuta napandwa na hasira upya kabisa.

Ninayoandika ni ya kweli, na mengi yananiaibisha mwenyewe. Ningekuwa natunga ningejitungia sifa.

Nipo Sydney, mtaa wa Auburn. Nina pickup double cabin ya diesel, huku wanaita ute. Kipindi cha Corona nilikuwa nasambaza mizigo ya duka moja la vyakula hapahapa Auburn. Mchele, mafuta, nyama, unga. Nyumba hii, nyumba ile, washa, zima, washa tena.

Sasa kwa wasiojua, DPF ni chujio lililoko kwenye bomba la moshi. Linakamata masizi. Gari likikimbia barabara kubwa kama nusu saa hivi, chujio linapata joto na kuyachoma yale masizi lenyewe. Usipolikimbiza linajaa, taa inawaka kwenye dashboard, na mwishowe gari linakataa kuvuta.

Taa yangu iliwaka katikati ya lockdown ya 2021.

Waliokuwepo wanakumbuka. Sisi wa magharibi ya Sydney tulifungiwa kuliko wengine, polisi na wanajeshi mitaani, mwisho wako kilomita tano kutoka nyumbani. Chujio linataka nusu saa ya highway, serikali inataka usivuke kilomita tano. Nikae upande gani?

Nikaenda kwa mzee mmoja Mlebanoni mwenye gereji jirani na duka. Akachomeka kompyuta yake, akasema gari halina ugonjwa, likimbizwe tu highway.

Nikamuuliza highway ipi, na tumefungiwa.

Akainua mabega, akarudi chini ya gari la mteja mwingine.

Asubuhi moja nikajitoa mhanga nikaingia highway ya M4. Sijafika mbali, polisi wakanisimamisha. Yule askari kauliza naenda wapi. Nikamwambia ukweli, kwamba siendi popote, nachoma masizi.

Akamwita mwenzake aje asikie na yeye.

Nikaeleza upya, na mikono nikatumia. Walinisikiliza kwa heshima, kisha wakaniambia hiyo siyo sababu inayokubalika, nigeuze nirudi nyumbani. Nilirudi na taa yangu inawaka vilevile.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao nadhani sisi tu ndio tunaoufanya. Nikampigia fundi wangu wa Tabata.

Fundi Shabani ametengeneza magari ya ukoo wetu tangu marehemu baba yangu yupo. Kwetu gari haliguswi bila Shabani kuulizwa. Niko nje miaka tisa na bado nampigia WhatsApp video, naweka simu kwenye injini, anasikiliza mlio, anasema tatizo ni nini. Na mara nyingi anapatia, ndiyo maana nilimwamini.

"Bosi, hicho kidude ni mzigo tu," akaniambia. "Hapa wakija nacho mimi nakitoa siku hiyohiyo. Toboa ndani, acha ganda la nje, nani atajua?"

Mke wangu Mwanaidi alikuwa anamenya vitunguu, akasema bila kugeuka, "Shabani huyohuyo hajawahi kuona hata namba ya gari ya huku. Muulize fundi wa hapa."

Nikamwambia wa hapa nimeshamuuliza, kanipandishia mabega.

Basi nikampata jamaa mmoja anafanya hizo kazi kwenye banda nyuma ya nyumba yake, grinder mkono huu, laptop mkono huu. Akalikata chujio, akalitoa utumbo wote, akalichomelea ganda likarudi mahali pake. Kisha akaingia kwenye kompyuta ya gari akaidanganya kwamba chujio lipo na linafanya kazi. Akaongeza na nguvu kidogo, bure, ya urafiki.

Wakuu, sitawadanganya. Gari lilipaa. Nilimtumia Shabani video natoka kwenye taa za barabarani, moshi mweusi unafunika barabara nyuma yangu, akanijibu kwa vikatuni vya kupiga makofi. Nilijiona mjanja kuliko mji mzima.

Kulibaki tatizo moja tu. Hapa New South Wales gari likizeeka kidogo linakaguliwa kila mwaka ndipo usajili uendelee, wanaita pink slip, na yangu ilikuwa inakaribia. Nikauliza kwenye group letu la Waswahili wa Sydney. Kila mtu akawa mwanasheria siku hiyo.

Mkenya mmoja akaandika, "Msee, peleka Queensland. Huko hakuna hizo story za kila mwaka, wanacheki gari ikiuzwa tu."

Mwingine akadai binamu yake yuko Victoria na huko nako ni hivyohivyo. Kila jimbo na mambo yake. Mimi nikachagua jimbo kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Nikasema gari nitalihamishia Queensland, kwa anwani ya mdogo wangu. Najua, najua. Nyie endeleeni kusoma.

Mdogo wangu anaitwa Zuhura, yuko Brisbane. Alikuwa mjamzito wa mtoto wa kwanza. Mumewe Hamisi alirudi Dar kumzika baba yake mimba ikiwa changa, mipaka ya Australia ikamzuia kurudi, viza ikakwama. Mama yetu naye asingeweza kuja. Kila siku anapiga simu, swali ni lilelile, "Nani atamkanda mwanangu?"

Mwanaidi akajitolea. Kukanda kwa maji ya moto, uji wa pilipili manga, supu, hayo yote anayajua.

Mimi kazi yangu ilikuwa moja. Shemeji Hamisi alinipigia akaniomba nimwadhinie mtoto. Kwa wasio Waislamu, mtoto wetu akizaliwa anasomewa adhana sikioni, yawe miongoni mwa maneno ya kwanza kuyasikia duniani. Ni kazi ya baba. Baba hayupo, basi mjomba.

"Shemeji, mimi nimeishi kwenye simu miezi yote hii," Hamisi aliniambia. "Kuolewa kwa dada yangu nimeona kwa simu, kila kitu kwa simu. Mwanangu sitaki aadhiniwe na spika. Nataka mdomo wa mtu, na mtu mwenyewe ni wewe."

Nikamwambia ondoa shaka. Nilisema hivyohivyo, ondoa shaka.

Mpaka wa Queensland ukafunguliwa Desemba, wiki ileile Zuhura aliyotarajiwa kujifungua. Masharti yake uwe umechanja, uwe na kibali, na kipimo cha Corona kisichozidi saa sabini na mbili. Ndege zimejaa. Tukapima, majibu yakaja safi, tukapakia kitanda cha mtoto, masufuria na begi zima la viungo.

Tuliongozana na Papa Dieudonné, Mkongo wa Toongabbie, jirani yetu wa zamani. Yeye alikuwa anampeleka mkewe na watoto wawili kwa bibi yao hukohuko Brisbane, kwenye saloon ya petroli imechoka hadi unaionea huruma. Nilimtania njia nzima.

Tuliposimama kunywa chai akanifuata. "Ndugu yangu, ile moshi yako iko mingi sana. Batoto bananiuliza kama kuna nyumba inaungua."

Nikacheka. Mwanaidi hakucheka. Alisema kichwa kinamuuma tangu tulipoanza vilima, na ndani ya gari kunanuka. Nikamwambia afungue kioo.

Kabla ya Coffs Harbour, mji ulio katikati ya Sydney na Brisbane, kuna kilima. Nikalikanyaga, nikalipita lori, wingu likatoka. Kumbe nyuma ya lile lori yupo askari wa barabarani.

Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Akalala chini na tochi, akakaa huko muda mrefu. Akatoka na kuniambia nije niangalie. Ule mchomeleo wa banda ulikuwa umeachia, moshi unapanda moja kwa moja chini ya viti vyetu. Mke wangu alikuwa anavuta moshi kilomita zote zile, na mimi namwambia fungua kioo.

Akagonga lile ganda la chujio kwa tochi. Likalia tupu.

Nikajitetea. Nikamwambia gari nalipeleka Queensland, huko hawakagui.

Akazima tochi. "Rafiki, Queensland nako ni kosa. Nchi nzima ni kosa. Tofauti ni nani anachungulia na lini."

Miezi mitatu nimeuliza watu sheria za majimbo, jibu sahihi nimepewa na askari kwenye vumbi la barabara.

Akabandika stika kwenye kioo. Gari halitembei tena isipokuwa juu ya breakdown, hadi litengenezwe na kukaguliwa upya. Nikahesabu saa zilizobaki kwenye kipimo changu. Mwisho kesho yake saa nne asubuhi. Basi la kuvuka limejaa. Treni siku hizo ilikuwa inaishia upande wetu wa mpaka. Kupima upya ni foleni, na majibu yalikuwa yanachukua siku kadhaa.

Papa Dieudonné alikuwa amesimama mbele yetu anasubiri. Nafasi kwenye gari lake ilikuwa moja.

"Bibi yako apande kwetu," akasema. "Tutamufikisha. Wewe ubakie na camion yako."

Hakulisema kwa ubaya. Mwanaidi akachukua begi la viungo na sufuria moja kubwa akaipakata. Kitanda cha mtoto hakikuingia. Akaniambia kwa dirishani, "Utakula nini?" Hilo tu. Ningependa angenitukana.

Ile saloon niliyoitania ikaondoka bila moshi hata kidogo.

Breakdown ikanivuta hadi gereji moja nje ya mji. Nikapata chumba jirani. Kesho yake asubuhi nilikuwa uani kwenye gereji, nimekalia boksi la kitanda cha mtoto, fundi anakata ule mchomeleo wa banda kwa grinder.

Saa tano simu ikaita. Mwanaidi, video. Zuhura amejifungua mtoto wa kike, wote salama. Nikaona uso mdogo umekunjamana, na mkono wa mke wangu. Halafu picha ikagawanyika, Hamisi akaingia kutoka Dar, yuko kibarazani na kanzu kaivaa.

Hakuniuliza kitu. Alikuwa ameshaambiwa. Akasema tu, "Mwanaidi, sogeza simu sikioni kwake. La kulia."

Nikanyanyua mkono, fundi akanielewa, akazima grinder. Akasimama na barakoa yake kidevuni, kofia kaivua, hajui kinachoendelea lakini ametulia. Na hapo uani kwenye mafuta machafu nikamsikia shemeji yangu akimwadhinia mwanawe kwa spika, mtandao unakata, anarudia, unakata tena, anarudia. Mara mbili sauti yake ilikwama na haikuwa mtandao.

Alipomaliza akasema, "Shemeji, upo?"

Nikasema nipo.

Kisha nikakata simu nikalia, wakuu. Mtu mzima, juu ya boksi. Yule fundi akaniletea chai akarudi kazini.

Shabani naye alinitumia ujumbe jioni ileile, "Bosi, gari linasemaje?" Sikumjibu kwa wiki mbili. Baadaye nilimjibu, maana kosa halikuwa lake. Yeye alijibu kuhusu gari la Tabata. Mimi ndiye ninayeishi Auburn.

Chujio jipya lilifungwa, kompyuta ikarudishwa ilivyokuwa. Mniache na habari ya gharama, sitaki hata kuikumbuka. Pink slip nilipata hapahapa New South Wales, kwa yule mzee Mlebanoni. Alipoona linang'aa aliinua mabega tena, safari hii anatabasamu.

Mwaka uliofuata viza ya Hamisi ikatoka. Akashukia Sydney, nikamwambia nitampeleka Brisbane mwenyewe, ndilo deni pekee nililoweza kulipa. Tulipofika kile kilima nikapunguza mwendo bila kujijua.

Akauliza, "Ni hapa?"

Nikasema ni hapa.

Akaniomba nisimame. Akashuka, akaangalia barabara juu na chini, malori yanapita. Aliporudi akafunga mkanda akasema, "Kwa hiyo mwanangu aliadhiniwa na spika kwa sababu ya kilima hiki."

Nikamwambia hapana shemeji, kilima hakina kosa.

Nikawasha gari tukaendelea.

Basi wewe uliyeniuliza inbox, jibu lako ndilo hili. Moshi ni kosa majimbo yote, usidanganywe na magroup. Kama lockdown imekujazia masizi, bora uegeshe gari utembee kwa miguu. Na fundi wa nyumbani mpigie umsalimie, umuulize watoto.

Waliopitia ya namna hii njooni tuelezane. Wa kunicheka nao wacheke, ila anayetaka kuniambia jimbo lake hawakagui, nampa namba ya shemeji yangu akamweleze yeye.