Majina ya Mashamba Ndani ya Kopo la Vifungo

Sijui kwa nini mimi. Kijiji hiki kina mwalimu mstaafu, kina mchungaji, kina watu waliokaa ofisini maisha yao yote, lakini binti wa gazeti la kijiji amekuja kugonga kwangu, mimi niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na miwili kwenda kuvuna viazi. "Mama Trientje, Geesje anatimiza themanini, na wewe ndiye jirani yake. Tuandikie kidogo." Kidogo! Haoni herufi zangu zilivyolala kama uzio uliopigwa na upepo. Nikamwambia sitaki. Akaacha karatasi mezani akaenda zake. Haya, nitaandika, lakini nitaandika yaliyotokea. Maua matupu aandike mwenyewe.

Geesje Huizing amekaa upande wa pili wa ua wangu miaka hamsini na mmoja. Alikuwa akiuza stempu posta mpaka posta ikafungwa. Ni mwanamke msafi, na nikisema msafi simaanishi kama wewe. Kila Ijumaa saa tatu asubuhi anaosha madirisha, mvua inyeshe isinyeshe. Nyumbani kwake hakuna kitu kilicho viwili: sufuria kubwa moja, ndogo moja, mwavuli mmoja. Mumewe alipofariki, viatu vyake vilishagawiwa kabla keki ya mazishi haijaisha. Mimi situpi kitu. Nina makopo saba ya vifungo, na vingine ni vya makoti ambayo wenyewe wako kaburini. Kwa ajili hiyo tumegombana tangu wiki aliyohamia.

Lakini nimpe haki yake. Miaka kumi na mmoja Geesje amekuwa akikusanya majina ya mashamba. Siyo zile namba za serikali, majina yetu. Shamba la nyuma ya mfereji ni Supu Baridi. Lile la kona ni Goti la Mchungaji, kwa sababu mchungaji mmoja wa zamani alianguka pale na baiskeli yake. Wanaoyajua wanakwisha. Geesje aliwafuata kwa baiskeli mmoja mmoja, akanywa kahawa yao mbovu, akarudi kuyaandika kwenye kompyuta. Majina mia sita na kumi na mawili, nayo yalitakiwa yatoke kama kitabu kwenye sherehe ya kijiji mwezi wa sita. Hayakuwa yameandikwa mahali pengine popote.

Kompyuta yenyewe aliachiwa na mwanawe alipohamia Denmark. Akaipa jina la mama mkwe wake, Hendrika. "Naye alikuwa mzito kuamka," alisema, "na kumwambia kitu huwezi."

Sasa mtu msafi ukimpa kompyuta atafanya nini? Ataisafisha. Siku moja kikajitokeza kidirisha chekundu: kompyuta yako ina makosa 1,147. Geesje hajawahi kuambiwa ana kosa moja nyumbani kwake. Alishika shavu kama aliyepigwa kofi. Akabofya, akapakua programu ya kusafisha. Wiki iliyofuata ikaja nyingine kumwambia ile ya kwanza imeacha uchafu. Akapakua na hiyo. Mwisho akawa na programu nne za kusafisha na tatu za kuzuia virusi, na Hendrika akiwashwa zote zinaamka kwa pamoja na kuanza kusukumana. Geesje alikuwa anabonyeza, anakwenda kumenya viazi, anarudi, bado.

"Shoga, hiyo yako inaumwa," nikamwambia.

"Haiumwi. Inasafishwa."

"Tangu saa mbili?"

"Wewe utajuaje usafi, jikoni kwako kuna gazeti la mwaka ule wa theluji kubwa."

Mwezi wa kumi na moja mwanawe akampigia simu kutoka Denmark: mama, hayo majina yatolee nakala, na nakala moja ikae nje ya nyumba. Geesje akatii. Akaweka moja kwenye diski ya nje, nyingine kwenye flashi ndogo kama kipande cha chokoleti, akaniletea mimi. "Weka. Usiulize." Mimi kompyuta sina. Nikaitupia kwenye kopo mojawapo la vifungo, nikaisahau.

Mwezi wa pili moja ya zile programu ikamwonyesha jambo jipya: faili zilizojirudia, 3,208. Je, zifutwe? Ndugu msomaji, kumwuliza Geesje kama vitu vilivyojirudia vifutwe ni kumwuliza paka kama anataka samaki. Hata ile diski ya nje aliichomeka makusudi, ili nayo isikose kusafishwa. Saa nne alikuja kunywa kahawa kwangu amenyanyua kidevu. "Nimetoa vitu elfu tatu asubuhi moja," akasema. "Wewe umetoa vingapi?"

Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, saa tatu ikapita na madirisha ya Geesje hayajaoshwa. Saa tatu na nusu, bado. Nikatoka bila koti. Nikamkuta ameketi mbele ya Hendrika, kioo cheusi, kitambaa cha vumbi mapajani.

"Haamki."

"Mpe muda."

"Tangu jana mchana, Trientje."

Tukamwita Fenna Boelens. Fenna aliendesha lile daraja la kuinuliwa la mfereji miaka ishirini, na sasa kila Jumanne yupo maktaba akisaidia watu na kompyuta zao. Ana mikono ya kuinulia madaraja na anacheka kwa kifua. Alikuja kesho yake, akafungua Hendrika, akachomoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake. Akahangaika nayo mpaka mchana.

"Bibi Geesje," akasema, "mlango mmoja umeuwekea walinzi watatu. Kazi yao imekuwa kukamatana."

"Ndio waliomwua?"

"Hawa walimchelewesha tu. Diski imekufa kwa uzee, na humu sitoi kitu. Nipe ile nakala ya nje."

Geesje akakunja kitambaa mara nne. "Nilizifuta."

"Ulifuta nini?"

"Nakala. Zilikuwa zimejirudia!"

Fenna hakucheka. Alimtazama, akanitazama mimi, akatazama nje kwenye mashamba. Miaka kumi na mmoja. Wengine waliotaja majina yale tulikwishawazika.

Hapo ndipo nilipokikumbuka kile kipande cha chokoleti. Sitadanganya: sikusema mara moja. Nilimaliza kahawa yangu kwanza.

"Geesje," nikasema, "sema kuwa na vitu viwili siyo uchafu."

"Trientje, sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mbele ya Fenna."

"Una kichaa wewe?"

"Nina kopo la vifungo. Ndani yake kuna kitu ulichoniambia nisiulize."

Alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Siyo uchafu!" akapiga kelele. "Siyo uchafu, ewe mwanamke mbaya, kopo liko wapi?"

Kopo lipi, hilo ndilo lilikuwa swali. Tulimwaga la kwanza sakafuni kwangu, hamna. La pili, la tatu, hamna. Vifungo vilikimbilia kila upande, na Geesje, na goti lake bovu, akavifuata kwa kutambaa. Alipitisha mkono chini ya kabati langu, ukatoka mweusi. Akaupitisha tena. Hapo ndipo nilipojua anavyoyapenda yale majina.

Ilikuwa kwenye la tano, chini kabisa.

Ndani mlikuwa na majina mia tano sabini na moja. Yaliyoongezwa baada ya mwezi wa kumi na moja, arobaini na moja, yalipotea, lakini yote yalitoka kwa Harm Wever, naye yupo hai, ana miaka tisini na mitatu, anakaa nyumba ya wazee. Jumatatu tukapanda baiskeli na keki ya tangawizi.

"Umerudi, Geesje?" Harm akasema. "Nilidhani nilikuchosha."

Akaanza upya, shamba kwa shamba, macho ameyafumba, mfereji wa kwanza mpaka wa mwisho. Alipofika thelathini na tisa akanyamaza.

"Bado mawili, babu," Geesje akamwambia.

"Yale mawili niliyatunga," akasema. "Ulikuwa umeleta keki nzuri, sikutaka uondoke."

Kwa hiyo kitabu kina majina mia sita na kumi, na yote ni ya kweli.

Fenna alimtia Hendrika diski mpya. Zile programu saba hakuzirudisha, akabakiza mlinzi mmoja, yule aliyekuja na mashine yenyewe, bure. "Huyu anatosha," akamwambia Geesje. "Mashine ikitaka kusasishwa, iache isasishwe. Ikitaka kuzimwa na kuwashwa, zima. Na kidirisha kikikupigia kelele una makosa elfu, kifunge. Mimi nikija kukutengenezea, huwa napiga kelele dirishani?"

"Unacheka kwa kelele."

"Hiyo ni bure pia."

Utaratibu wa mwezi Geesje aliuchagua mwenyewe. Mnajua kalenda ya siku za kuzaliwa inakaa wapi: chooni, mbele ya macho, huwezi kuikwepa. Kwenye tarehe mosi ya kila mwezi ameandika Hendrika, mara kumi na mbili. Siku hiyo anasasisha, anaondoa programu asiyoitumia, ananakili majina kwenye diski ya nje kisha anaichomoa na kuitia kabatini. Halafu anakuja uani na flashi. Zipo mbili, moja kwake na moja kwangu, na kila tarehe mosi tunabadilishana juu ya ua. Geesje, mwenye flashi mbili! Mimi ninayo ndoano ya kuitundikia sasa, kando ya dirisha.

Wifi yake Aaltje alipoingia chooni siku ya Pasaka aliliona lile jina kwenye kalenda, hakuuliza kitu. Tarehe mosi mwezi wa tano akafika na maua na keki ya krimu, akambusu Geesje mara tatu, akanigeukia na mimi, maana kwetu hata jirani hupongezwa. "Hongera kwa Hendrika! Hongera nawe jirani! Ni mjukuu?"

"Ni kompyuta," Geesje akasema.

Aaltje akayatazama maua yake.

"Keti," Geesje akamwambia, "maji yamechemka. Na mwezi ujao anazaliwa tena."

Kitabu kilitoka mwezi wa sita, kila nyumba ikapata kimoja. Kwenye kabati la Geesje vipo viwili. Nimehesabu.

Basi nimemaliza, na mkono unaniuma. Sasa zamu yako wewe uliyesoma umekaa. Inuka. Picha zako, barua zako, chochote ambacho hujakiandika mahali pengine, kitolee nakala leo hii, umpelekee jirani yako asiyetupa kitu. Kisha Jumamosi, siku anayotimiza themanini, uje kwa Geesje na keki, naye atakuuliza shamba la nyuma ya nyumba yako linaitwaje. Ole wako useme hujui.