Meno ya Bandia Ambayo Hatukuyanunua

Ilikuwa saa tatu kasorobo asubuhi, Jumamosi moja ya mwaka wa 1982, nawe ulikuwa darasa la pili. Naikumbuka saa hiyo, mwanangu, kwa sababu mama yako aliitazama mara kwa mara akingoja nimalize kuwasomea bajeti. Tulikuwa kwa nyanya yako, kule Dunga kando ya ziwa, naye alikuwa akianika omena, wale dagaa wadogo.

Mama yako, dada yangu Akinyi, alikuwa ameacha kazi ya hospitali ili afungue kliniki yake ya meno mjini Kisumu. Mimi nilikuwa karani wa duka la mabati na misumari. Hesabu nilijifundisha kwa vitabu vya kuazima, kwa hiyo bajeti ilikuwa kazi yangu. Pesa zilitoka kwenye miwa ya marehemu baba huko Muhoroni, na aliyezishika ni Mama, nyanya yako. Zikipotea, hakukuwa na nyingine.

Nikasoma: kodi ya chumba, kiti cha mgonjwa, mashine ya kutobolea, dawa ya ganzi, koleo. Kisha vifaa vya meno ya bandia, ya mbele, ya chini, ya wazee arobaini. Hapo nilijivuna. Unajua wazee wetu waling'olewa meno sita ya chini ujanani, ikawa ndiyo alama ya kutoka utotoni. Niliyaona mapengo hayo kila mahali, nikaona biashara.

Mama akacheka, pengo lake wazi. "Odhiambo, haya meno yangu yalipotea?"

"Hapana, Mama. Yalitolewa."

"Basi nani amekutuma kuyatafuta?"

Akinyi akaficha uso kwenye leso. "Wengine wanaona aibu wakienda mjini," nikajitetea.

"Umewauliza?"

"Nimewaona."

"Umeona mdomo. Mwenye mdomo hujamuuliza." Hakukasirika. Alinipangusa vumbi begani, akanisukuma polepole kuelekea ufuoni.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu akanisikiliza hadi mwisho. "Bwana Karani, ukiniziba hapa, nitapigia mluzi wapi?" Wenzake wakaangua kicheko. Hakuna aliyeyataka. Lakini kila mmoja alinifungulia kinywa kunionyesha gego: hili limeoza, hili halinilazi. Mama mmoja muuza samaki akauliza, "Na maji ya mjini yakikatika, mtatusukutua na nini?" Tangi la maji sikuwa nimeliweka kwenye bajeti.

Tukafuta meno ya bandia, tukanunua tangi, na kilichobaki tukakiweka kwa kodi ya miezi ya mwanzo. Mwezi wa pili baada ya kufungua, mifereji ilikauka mtaa mzima. Akinyi akaendelea kung'oa magego kwa maji ya tangi.

Sasa umeniletea bajeti ya kliniki yako mwenyewe niikague. Hesabu zake ni safi kuliko zangu za wakati ule. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla ya kununua ile mashine kubwa ya picha za meno uliyoiorodhesha, kaa sokoni siku nzima, uwaulize watu wanaumwa wapi na wanaweza kulipa lini. Tanguliza maji, kisha kodi ya miezi ya ukame. Kibao cha kupendeza cha mlangoni kitangoja.

Mungu aipe mikono yako upole juu ya kila mdomo utakaofunguliwa mbele yako. Na ukitaka kujua thamani ya swali la nyanya yako, lile la "Umewauliza?", nililipigia hesabu: shilingi elfu tisa na mia sita, bei ya meno ambayo hatukuyanunua.