Dirisha la Mama huko Kassel

Mama yangu alikwenda Ujerumani kwa arubaini ya mjukuu wake, na arubaini hiyo ikawa miaka miwili. Ndiyo sababu ya safari yangu, sina nyingine. Sikwenda kutazama makasri wala kupiga picha. Nilikwenda kumchukua Mama nimrudishe Woolwich, kwenye chumba chake ninachokifagia kila Ijumaa, penye kitanda chake, msala wake na ile redio anayoipiga kofi ikikwama. Tangu mwanangu Nassor ahamie Hounslow, karibu na kazi yake ya uwanja wa ndege, nyumba tumebaki mimi na friji. Nilikuwa mpweke, nasema wazi. Tiketi ya Mama ya kurudi London nilishaikata kabla sijamwuliza.

Ninyi mlioko Unguja mmezoea kusikia kwamba Wajerumani ni watu wa akili na gari zao hazifi. Mimi sikwenda kukaa na gari. Nilikwenda kukaa na watu, na hao ndio nitakaowasimulia.

Alfajiri ya Alhamisi niliondoka Woolwich kwa treni ile ya zambarau, nikakaa kitako mpaka Heathrow. Begi langu lilijaa halua, bizari, achari ya embe na doti mbili za kanga. Nassor alinikuta kwenye mlango wa abiria, kavaa koti lake la kazi linalong'aa. Huyu kazaliwa London. Kiswahili anakielewa chote, hata matusi, lakini hujibu kwa Kiingereza.

"Bibi yako ntarudi naye Jumanne," nilimwambia. "Uje na gari utupokee."

"Mum, have you actually asked her?"

"Nimwombe ruhusa mamangu kumrejesha kwake?"

"Just saying," akasema, akanibusu kipajini, akarudi kazini.

Frankfurt nilipanda treni ya Kassel. Kiti cha mbele yangu alikaa Mmarekani, kijana mwenye miguu mirefu na sauti ya mnadani, amekuja Ujerumani kutembea kwa mara ya kwanza. Maskini, alikuwa amechanganyikiwa. Aliniambia ameagiza maji mkahawani, akaletewa maji yenye gesi, hayana barafu hata punje, kisha akatozwa. Akaenda msalani, akatozwa tena. "Wanakutoza yakiingia na yakitoka!" akasema, nami nikacheka mpaka mtandio ukanidondoka. Mzee mmoja akainuka kiti cha pili, akatugongea kidole dirishani, palipobandikwa picha ya mdomo uliozibwa. Kumbe behewa lile ni la watu wa kunyamaza! Wamelitenga kabisa, na watu wanalilipia nauli, wakakae humo wakitazamana.

Na wanavyotazama! Kwetu mtu akikukodolea macho utamwuliza kama anakudai. Hawa hukutazama wima, bila kupepesa, bila kutabasamu, mpaka ujikague kama umevaa nguo nje ndani. Mmarekani akaninong'oneza: "Hivi wanatuchukia?" Nikamjibu kwamba London watu hukuchukia wakitabasamu, kwa hiyo hapa angalau tumepunguziwa kazi.

Kassel, baada ya adhuhuri, mdogo wangu Zuhura alinipokea stesheni. Zuhura ni muuguzi, na huko ndiko alikoolewa. Baridi ya Januari ilikuwa inakata masikio. Tukafika njia panda, taa ya waenda kwa miguu nyekundu, barabara nyeupe, gari hakuna mbele wala nyuma. Nikavuka zangu. Nyuma yangu bibi mmoja akapiga ukelele kama nimeiba kuku.

"Dada, rudi!" Zuhura akaniita. "Anasema unawafunza watoto vibaya."

Nikageuka kumtafuta mtoto. Hapakuwa na mtoto. Palikuwa na mbwa, naye kakaa kitako anasubiri taa ya kijani.

Nyumbani Mama alinikumbatia tukalia sote wawili. Alikuwa amenenepa kidogo, na miguuni ana viatu vya sufu vya ndani, maana huko kila mtu ana viatu vyake vya ndani, hata mgeni huwekewa vyake. Nikajisemea, sasa nitakula. Nimetoka London tangu alfajiri, nitawekewa wali. Zuhura akaleta ubao wa mbao. Juu yake mkate mweusi mzito wa kujengea nyumba, vipande vya jibini na matango ya siki.

"Chakula kinakuja saa ngapi?" niliuliza.

"Ndo hiki, dada. Huku jioni hatupiki."

"Hatupiki nani?"

"Sisi," akasema Zuhura, na Mama akachukua tango.

Hilo neno *sisi* lilinichoma kuliko baridi. Nikamwambia Mama palepale kwamba tiketi yake ninayo mkobani, Jumanne tunaondoka. Mama akatafuna tango lake taratibu. "Tutazungumza, mwanangu," akasema, na mimi namjua, hivyo ndivyo anavyosema hapana kwa mwenye mkokoteni wa mboga.

Asubuhi ya Ijumaa nikaujua ugonjwa wenyewe. Mama alimaliza chai, akajifunga kanga ya pili juu ya sweta, akafungua madirisha ya nyumba nzima. Si kuyafungua nusu, ni kuyapanua mpaka mwisho, mwezi wa Januari, na joto lote la usiku likatoka nje. Wajerumani wanaamini hewa ya ndani huoza kama samaki, hivyo kila asubuhi lazima imwagwe. Mama alisimama dirishani akapunga mkono. Ng'ambo ya uwanja, dirishani mwa upande wa pili wa jengo hilohilo, bibi mmoja wa Kijerumani mwenye nywele fupi nyeupe naye akapunga. Kisha kila mmoja akaondoka zake.

"Nani yule?" niliuliza, meno yanagongana.

"Bi Hilde. Jirani."

"Huja hapa?"

"Huja akialikwa. Tumemwalika kahawa Jumatano ya wiki ya pili, saa tisa na nusu."

Wiki ya pili! Mtu anakaa hatua chache kutoka mlangoni pako, mnapungiana mikono kama wasafiri wa meli, na kahawa mpaka muandikiane miadi. Sisi tumezoea kupiga hodi, ukakaribishwa, ukala kilichopo. Wao hodi hawaijui. Nikamwonea Mama huruma kwelikweli. Nikajiambia, mtu huyu anakufa polepole kwa ukimya na matango, nami nimekuja wakati mwafaka.

Jumapili nikasema leo nitampikia pilau. Nikatoa kinu cha Mama nje, kwenye roshani, nikaanza kutwanga thomu na tangawizi. Sijafika mbali simu ya Zuhura ikalia. Ni Bi Hilde. Yuko dirishani kwake, namwona kwa macho yangu na simu sikioni, naye ananiona na mchi mkononi, lakini badala ya kuniita kapiga simu.

"Anakusalimia," Zuhura akasema, "anasema leo Jumapili, watu hawapigi kelele."

"Mwambie mimi sipigi kelele, natwanga thomu."

"Dada, tafadhali. Jumapili hapa hata chupa tupu hatutupi kwenye pipa la nje, zinagongana."

Nikaiona thomu yangu nusu imesagika, nusu nzima, nikaingia ndani nikaikata kwa kisu. Pilau lilitoka, lakini lilikuwa pilau la kunong'ona.

Jumatatu Zuhura aliondoka mapema kwenda hospitali, akampitisha mwanawe, yule mjukuu, kwa walezi. Tukabaki Mama na mimi. Mama akamaliza chai, akajifunga kanga yake ya pili. Nikamtangulia dirishani. Nikateremsha hata yale mapazia ya nje yanayofunga kama duka, nyumba ikawa giza, nikawasha taa.

"Leo dirisha halifunguliwi," nilisema. "Nimekuja kukuchukua mzima, si kukuchukua na kichomi."

Mama alitazama saa ya ukutani. "Bi Hilde atahangaika."

"Ahangaike. Kwani hewa ya humu ni yake?"

"Khadija, fungua mwanangu."

Sikufungua. Nilidhani anamwogopa yule bibi, na hilo likazidi kunipandisha hasira. Simu ya mezani ikalia. Mama akataka kuinuka, nikamwambia iache ilie, kama anataka kufoka aje mwenyewe. Ikalia mpaka ikachoka.

Punde nikasikia ufunguo unazunguka mlangoni. Bi Hilde aliingia na viatu vyake vya ndani vilivyolowa theluji, koti juu ya nguo ya kulalia, nywele mbichi upande mmoja. Huyu ndiye mwenye kahawa ya wiki ya pili! Nikamsimamia mbele.

"Excuse me, this is a private house!" nilimwambia.

Akanisukuma kwa kiwiko kama pazia. Akamfikia Mama aliyekaa na kikombe, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamtazama jicho moja, kisha la pili. Mama akamwambia maneno kwa Kijerumani, pole pole, akinionyesha mimi kwa kidevu. Bi Hilde akakaa kitini. Akaanza kufoka, na huku anafoka machozi yanamtiririka. Alipokwisha akainuka, akapandisha mapazia, akafungua dirisha mpaka mwisho, akanigeukia na Kiingereza chake chote.

"Every day," akasema. "Eight o'clock. Open."

Akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo wake.

Nilibaki nimesimama katikati ya baridi. Mama akanivuta nikae, akanieleza. Majira ya baridi yaliyopita sukari ilimshuka akiwa peke yake, akaanguka jikoni, akalala kwenye vigae akiwa na fahamu lakini sauti haitoki. Zuhura yuko zamu, mume wake yuko safari za kazi kama kawaida yake. Bi Hilde akaona saa imepita na dirisha halijafunguka. Akapiga simu, haikupokewa. Akaja na ufunguo aliopewa na Zuhura.

"Na mimi hamkuniambia!" nilisema, na nililia, kwa uchungu na kwa hasira.

"Tungekwambia ungefanya nini? Fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Basi rudi, Mama, niwe karibu. Chumba chako kipo, nakifagia. Nyumba inanishinda peke yangu."

Mama akanifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Wewe kazini kwako, jikoni mwa hospitali, waingia alfajiri, warudi magharibi. Mie mchana kutwa na nani? Yule jirani yenu wa baiskeli, mnayegawana naye ukuta, jina lake nani?"

Miaka yote nimekutana naye mlangoni, "You alright?" anasema, na kabla sijasema kama niko alright au siko ameshapanda baiskeli. Jina silijui. Mama akaenda kuosha kikombe chake.

Jumanne nilirudi na viti viwili vya ndege, kimoja changu na kimoja nilichowekea mkoba. Nassor alikuwa anatungoja Heathrow na gari, kaweka mto kiti cha mbele.

"Where's Bibi?"

"Yuko kwake," nilimjibu, na yeye akautoa ule mto, akautupia kiti cha nyuma.

Mtauliza nimejifunza nini. Kuhusu Wajerumani sijabadili kauli. Mkate wao ni tofali, maji yao yana hasira, na mtu anayesubiri taa nyekundu mbele ya barabara tupu mimi nitamcheka mpaka kesho. Lakini asubuhi sasa nafungua dirisha. Sijui nalifungua kwa sababu gani, natetemeka tu na kulaani.

Wiki iliyopita homa ilinilaza. Sikufungua dirisha siku hiyo, wala ya pili yake. Jirani nilimsikia akishuka ngazi na baiskeli yake, akipanda nayo jioni. Hakuna aliyegonga. Siku ya pili Mama akapiga simu ya video, akaona pazia limefungwa nyuma yangu, na nyuma yake yeye nikaona nywele fupi nyeupe zikiinama kutazama. Ilikuwa Jumatano, nadhani ile ya kahawa. Wakasemezana kwa Kijerumani.

"Bi Hilde anasema umpe jirani ufunguo," Mama akaniambia. "Leo leo, mwanangu. Usingoje kesho."

"Jirani yupi, Mama?" nilimwuliza.