Siku Nilipomhukumu Mpiga Piano Wangu

Wageni wangu wa Jumapili hawakuwa na masikio, na ninasema hivyo bila kuomba radhi. Walikuwa watatu: mkuu wa shule mstaafu, afisa wa elimu mstaafu, na mwalimu wa kwaya wa kanisa letu hapa Kitale, ambaye hupiga kibodi kwa kidole kimoja na kuiachia mashine ngoma na gitaa. Walikuja baada ya ibada kunywa chai yangu na kumaliza njugu zangu, nami nikawalazimisha kusikiliza santuri.

Santuri hizo niliachiwa na mmishonari tuliyefundisha naye Bungoma, siku alipofunga mizigo kurudi kwao. Sanduku moja, pamoja na mashine ya kuzichezea. Zote ni za mpiga piano mmoja aliyekufa kabla wazazi wangu hawajaoana, na sauti yake hutoka katikati ya mikwaruzo kama mtu anayeongea mvua ikipiga mabati. Mimi nilimwabudu. Kulikuwa na kipande kimoja alichokipiga polepole mno, sauti nzito, kila noti ikingoja iliyotangulia ipoe kabisa. Niliamua kwamba huo ndio muziki na wengine wote wanapiga kelele.

"Hii haina maneno?" afisa wa elimu aliuliza kila Jumapili. "Sasa tutajuaje anasema nini?"

"Si uongeze besi kidogo, Mwalimu," alisema yule wa kwaya.

Mkuu wa shule alifumba macho na kuinamisha kichwa kwa heshima kubwa. Alikuwa amelala.

Niliwadharau kwa moyo wangu wote, na Jumapili waliyokosa kuja niliiona ndefu.

Hata kwenye tamasha za muziki za shule nilijulikana kama jaji asiyecheka. Watoto walitoka Saboti, walitoka Chwele, wamevaa soksi nyeupe za kuazima, na mimi nikawaandikia neno moja kwa kalamu nyekundu: haraka. Binti yangu nilimkata pia. Alikuwa kidato cha pili, amejifunza kipande kile kile kwenye piano ya shule kwa kusoma noti mwenyewe. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba anacheza kama mtu aliyeacha sufuria motoni, nikampa nafasi yake msichana mwingine mzito wa vidole. Hakugusa piano tena. Nilijiambia nimeuokoa muziki, na nilihitaji iwe kweli, kwa sababu mama yake hakunisemesha mwezi mzima.

Baadaye alisomea kurekodi sauti. Ana studio Bungoma, chumba kimoja chenye trei za mayai ukutani, anarekodi kwaya na wahubiri. Kazi hiyo niliiita kuuza kelele. Aliniomba santuri zangu azisafishe, ili nisikilize hata siku mashine itakapokufa. Nilikataa. Mtu anayeshinda na wahubiri hawezi kumgusa yule mzee wa piano. Basi nilipoenda kwetu Myanga kwa matanga, mama yake akampa sanduku kimyakimya, na niliporudi lilikuwa mahali pake. Sikushuku lolote.

Jumapili moja akaja na spika ndogo na flashi.

"Baba, kuna mtu nataka umsikilize," alisema. "Uniambie ukweli, kama jaji."

Niliona anavyofinya vidole vyake, na ninaona aibu kusema kwamba hilo lilinifurahisha.

Kilikuwa kile kipande changu. Hakuna mkwaruzo hata mmoja, sauti imepanda juu, na muziki unatembea, tena unatembea kwa furaha. Mkuu wa shule alifungua macho. Mwalimu wa kwaya akaanza kugonga goti lake. Hilo lilitosha kunithibitishia kwamba ni takataka.

Nilichukua karatasi, nikaandika, nikasimama na kusoma kama zamani: "Huyu ana vidole lakini hana subira. Anacheza kama anayewahi soko la Chwele. Hajaelewa huzuni ya kipande hiki. Asipande ngazi ya kaunti. Atafute mwalimu."

Wageni wakanipigia makofi.

"Ni nani huyu?" nikauliza. "Mpiga kibodi wa harusi?"

"Ni yeye, Baba."

"Yeye nani?"

"Mzee wako. Hiyo ni santuri yako."

Nilimwambia asinichezee. Alibandika kipande cha karatasi pembeni mwa santuri, akaiwasha mashine yangu, akashika simu na kuhesabu kwa sauti kila karatasi ilipopita. Tulikaa dakika nzima tukimsikiliza akihesabu, watu wazima wanne.

"Inafaa izunguke mara sabini na nane kwa dakika," alisema. "Yako imefika sitini na tatu. Mota imechoka. Pengine ilichoka hata kabla hujapewa."

"Kumbe ile huzuni ilikuwa ya mota," alisema afisa wa elimu, na katika miaka yote niliyomjua, hiyo ndiyo kauli pekee ya maana aliyowahi kuitoa kuhusu muziki.

"Nilijua," nikasema.

Hakuna aliyeniamini. Mwalimu wa kwaya alichungulia ndani ya bakuli la njugu, na mkuu wa shule akakumbuka kwamba ana ng'ombe wa kukamua.

Binti yangu hakucheka. Nilitamani acheke, ningepata cha kumkaripia. Alichomoa flashi, akaiweka mezani mbele yangu, akasema kwa sauti ya chini:

"Hiyo ndiyo spidi nilikuwa nacheza, Baba. Nikiwa kidato cha pili."

Kisha akaenda jikoni. Nilimsikia akiosha vyombo na mama yake, wakiongea mambo ya mahindi. Mlango ulikuwa wazi, hatua sita au saba kutoka kwenye kiti changu, na sikuinuka.