Kiraka cha Bluu

Fundi wa bodaboda akichoma plastiki hapa mtaani, harufu yake hunirudisha uani kwetu.

Baba, bwana shamba wa pamba, alirudi kutoka Magu amechoka, kava la pikipiki ya serikali limepasuka. Miaka ile madukani hakukuwa na kitu. Akapasha kisu kwenye mkaa, akavuta beseni la bluu alikate apate kiraka.

“Baba watoto, tuna hilo hilo moja,” mama alisema.

“Ofisini wakiliona kava hivi wataichukua pikipiki. Nizunguke vijiji vyote kwa miguu?”

Mama akashikilia ufa wa kava, baba akayeyushia hapo kipande cha beseni. Moshi ulitutoa machozi.

Kiraka kiliposhika, mama akachemsha maji ya kumkanda baba miguu, kama kila jioni. Akasimama na sufuria mkononi, akiangaza uani, akitafuta beseni.